Visanduku Vitatu

Barua imekuja na visanduku vitatu,
kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho,
na agizo chini yake: tia alama kwenye kimoja.
Fedha ni zako, wanasema.
Nani azishike?

Cha kwanza: Wakala wa serikali uzishike wenyewe.
Wao walipe, wao wajue wamelipa nini,
nami nichague kutoka orodha yao
kama mtoto anayeambiwa achague
kati ya uji na uji.

Cha pili: mtu wa kati.
Bwana Haldane wa Devonport,
mwenye ofisi juu ya duka la mazulia,
atapokea kila ankara, ataihakiki, ataituma.
Hunigharimu senti, anasema, nalipwa kutoka fungu jingine.
Nikamuuliza: fungu jingine la nani?
Akacheka. Nikampenda kidogo.

Cha tatu: mimi.

Kaka yangu Garth amekunja uso juu ya kikombe changu cha chai.
"Wewe, Nerida? Uliyepoteza leseni ya mbwa mara tatu?
Wakija kukagua je? Wakidai zirudi?"
Garth ananipenda kama watu wanavyopenda glasi nyembamba:
anaiweka rafu ya juu, mbali na mkono.

Simjibu. Natazama saa ya ukutani.
Ni Desemba, saa kumi na mbili jioni,
na gari jeupe la kampuni limeshaegesha.
Wiki hii ni msichana mpya.
Ananiuliza jina langu huku akinivua soksi.
Ratiba ni ratiba:
nalazwa jua lingali juu ya paa la jirani,
mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na minne,
nikisikia watoto wa darasa la pili wakishindana kwa baiskeli,
ambao hata kuoga hawajaitwa.

Hapa Burnie pengwini hutoka baharini giza likishaingia.
Mita mia sita kutoka mlangoni pangu.
Miaka saba sijawaona.
Kwenye fomu hakuna nafasi ya kuandika hilo.

Nikatia alama kwenye cha tatu.
Kisha nikaogopa.
Nikapiga simu mara nne, nikasikiliza kinanda kilekile
dakika hamsini, mpaka Bi Kirstin akapokea:
ndiyo, unaweza kugawa.
Mbona barua haikusema?
Akanyamaza, nikasikia anavyoandika.

Basi kiti, magurudumu, mlango wa kupanua,
yale yenye hesabu ndefu, achukue Haldane.
Lakini saa za mikono,
mikono ya kuninyanyua, kuniosha nywele, kunilaza,
hizo nazishika mimi.

Nimemwajiri Tamsin, anayesomea ukunga,
anayejua kumbeba mtu bila kumfanya mzigo.
Saa tatu na nusu usiku tulikuwa ufukoni,
yeye amesimama, mimi breki nimezifunga,
kurunzi yake ameifunika kwa karatasi nyekundu.
Walitoka watano.
Wanatembea vibaya, vibaya kabisa,
kama mimi mwaka ule wa mwisho kabla ya kiti.
Wananuka samaki.
Mmoja akalifikia gurudumu langu,
akalikagua,
akalizunguka, akaenda zake.

Asubuhi, ankara yangu ya kwanza.
Saa mbili na nusu, kiwango cha usiku.
Lengo la huduma?
Nikaandika: kushiriki katika jamii.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Nilikosea kujumlisha, nikampunja Tamsin dola kumi na moja;
nimeshamlipa, Garth hajui.
Risiti iko ndani ya bati la biskuti,
juu ya leseni ya mbwa.